Bashasha ya bango

Kinachonikera ni hili neno bashasha kugeuzwa pambo la ukutani. Unafika kaunta, bango limeandikwa "Tunakuhudumia kwa bashasha", chini yake dada kanuna, anaperuzi simu, hata macho hainui: "Sema." Salamu hakuna! Jamani, neno tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko kwao linahusu uso: uso uliokunjuka, mgeni akajiona kapokewa kabla hajaambiwa karibu.

Washereheshaji nao ndio usiseme. "Tumpokee mgeni rasmi kwa bashasha!" Spika zinapasua masikio, na watu wamekunja sura kwa jua na njaa (mgeni mwenyewe kachelewa). Hizo ni kelele, kaka. Ziite shangwe, hoihoi, vifijo. Maneno si yapo?