Chuo kidogo nacho kina watu
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema vyuo vidogo vya mikoani havina maisha ya chuo. Hapo sikubaliani naye. Mimi nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, unakaa na watu usiowajua hadi unamaliza mwaka wa tatu, hosteli tunabebana wawili kitanda kimoja, na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka ndiyo unajua una marafiki wangapi. Mdogo wangu yuko chuo cha dini hapa kwetu Bagamoyo. Geti linafungwa mapema, sawa. Lakini alipougua malaria, darasa karibu zima lilikuja nyumbani, na uji kwenye chupa ya chai! Jumamosi wanashuka ufukweni kula mihogo, au wanapita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, kuangalia ngoma. Disko tu ndiyo hawana, na mama hilo kalifurahia.