Nyumba ya Shangazi na Milioni 17 za Katikati

Shangazi yangu anauza nyumba Tabata tangu Februari. Jumamosi iliyopita ndiyo amejua anaiuza shilingi ngapi.

Yeye alimwambia dalali milioni 78. Juzi kijana mmoja aliyewahi kuletwa kuiona akarudi peke yake, akagonga geti, akaomba kwa adabu zote apunguziwe kidogo ile milioni 95, "maana nimeambiwa mama hashuki." Mama hashuki! Mama ambaye mwezi Mei angepokea hata 72, ada ya mwanawe ilishamkaba.

Hiyo 17 ya katikati ndiyo cha juu, hela ambayo dalali anajiongezea kimyakimya juu ya bei ya mwenye nyumba, na tumeizoea kiasi kwamba nilipolalamika kwenye grupu la ukoo nikaonekana mshamba. "Si umepata bei yako? Cha juu ni jasho lake."

Jasho gani? Mwenye cha juu hakuuzii nyumba, anaifanyia ulanguzi bila kutoa hata mia. Akija mtu na 80, wewe ungeruka kwa furaha, yeye anamfukuza kwa sababu kwake hiyo ni milioni 2 tu. Lazima awazuie msionane, ndiyo maana mnunuzi anaambiwa mwenye nyumba yuko safari, na wewe unaambiwa wateja siku hizi hakuna, hali ngumu. Nyumba inakaa miezi minane, mtaa unaanza kunong'ona kuwa ina mgogoro, mara ina majini. Halafu siku ya kuandikishana, mkataba unaandikwa bei ipi? Ukiandikwa 95, TRA wanakudai kodi ya hela ambayo hukuishika. Ukiandikwa 78, mnunuzi anabaki na karatasi isiyolingana na alichotoa. Na baada ya yote hayo bwana mkubwa anakugeukia wewe muuzaji: "Mama, na asilimia yangu?"

Haya, nakiri, shingo upande: bila madalali mji huu hauuziki. Kiwanja cha huyuhuyu shangazi kule Chanika kiliuzwa kwa wiki mbili na mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, asiye na ofisi wala kadi ya biashara. Lakini yule mzee alitaja asilimia yake siku ya kwanza, ikaandikwa kwenye karatasi ya daftari, wakasaini wote wawili, kisha akamleta mnunuzi sebuleni, wakatajiana bei uso kwa uso. Huyo kwangu ndiye mtaalamu. Suti, kishkwambi na picha za droni baadaye.

Mthamini, yule anayekadiria thamani ya nyumba, ana bodi inayomsajili, kwa sheria ya mwaka 2016. Wakili unaweza kumhakiki kabla hujampa hata nakala ya hati. Dalali ana laini mbili za simu na jina la utani. Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, pamoja na bodi yake, na sisemi kwamba huko vishoka wameisha, ila mtu anayo orodha ya kuangalia kabla ya kutapeliwa.

Kwa hiyo ukiuza nyumba, hati halisi haitoki kabatini, hata dalali awe shemeji yako. Mume wa shangazi naye lazima aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 haina utani na nyumba ya wanandoa. Na muiteni mthamini kabla ya dalali, jamani. Shangazi aliipata ile 78 kwa kusikia jirani kauza ngapi.

Zamani nilikuwa nacheka ule mwandiko wa kwenye kuta za Dar, NYUMBA HII HAIUZWI. Jumapili shangazi alinituma rangi nyekundu na brashi, nikaandika mwenyewe, herufi kubwa, mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna kesi. Dalali amepiga simu mara sita. Yule kijana amealikwa chai Alhamisi, aje na mkewe.