Mpagazi naye apewe kitako chake

Juzi nimetumiwa picha za meza ya mchezo wa vita wa sanamu ndogo, unaoigiza mapigano ya Mahiwa, Lindi, ya Oktoba 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, na sijatulia tangu nizione. Kazi ya rangi ni ya hali ya juu: vifungo vya sare vinaonekana, kitambaa cha kukinga shingo nyuma ya kofia kimetiwa kivuli, hata mikanda ya risasi imepakwa kwa subira. Kisha nikatazama vitako, yaani vile vibao vidogo ambavyo sanamu hubandikwa juu yake. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wamesimamishwa wanne wanne, bega kwa bega, kama wako Waterloo enzi za Napoleon. Na wapagazi? Mmoja huku, mwingine kule, kabandikwa nyuma ya bombomu (bunduki ya mashine) pamoja na kichaka cha majani, kuziba nafasi iliyobaki.

La kubanana linarekebishika. La wapagazi ndilo lililoniuma.

Kila tukikaa kuzungumzia vitako tunaishia kwenye vipimo: milimita 40 au 60, mraba au duara, askari mmoja mmoja au kundi. Sikatai kwamba vipimo vina kazi yake. Lakini kitako ndicho kinachoamua nani yumo vitani. Mwenye kitako anasogezwa, anapigwa, anahesabiwa, anaweza kuondolewa mezani na pengo lake likaonekana. Aliyebandikwa kwenye kitako cha mwenzake hana lolote kati ya hayo.

Sasa nionyesheni kampuni ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, iliyotembea hata siku mbili porini bila wapagazi. Mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe. Risasi, unga, dawa, hema, maji ya kupozea bombomu, vyote vilikwenda kichwani na begani, kilo 25 na zaidi kwa mtu. Kampuni ya askari 160 hivi ilikuwa na wapagazi wengi kuliko askari wenyewe. Mizinga 10 ya manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, ilitolewa majini na kuvutwa bara kwa kamba na mikono ya watu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ile wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Idadi hiyo inawazidi mno askari waliokufa kwa risasi, halafu mezani tunawafanya mapambo!

Nimeshaambiwa kwamba wapagazi hawapigi risasi, kwa hiyo kuwapa vitako ni kuuzidishia mchezo uzito. Wanaosema hivyo ndio hao hao ambao jeshi lao la sanamu la Napoleon lina farasi sita mbele ya kila mzinga, na farasi wale wana kitako chao, kirefu, kilichopimwa kwa rula, na ole wako ukisogeza mzinga bila kuwasogeza. Farasi wa Ufaransa anahesabiwa. Mtu wa Songea au wa Tabora aliyefanya kazi ile ile ya farasi hahesabiwi. Jambo hilo siwezi kulinyamazia.

Na Mahiwa ndipo mahali pabaya kabisa pa kuwasahau. Lettow-Vorbeck alishinda pale. Waingereza walipoteza watu karibu 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa. Lakini ushindi ule ulimmalizia risasi, na mwezi uliofuata alikuwa amevuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mchezo wa Mahiwa usiojua risasi ziko wapi na zimebebwa na nani haujaigusa Mahiwa.

Mimi nafanya hivi. Kila kampuni inapata vitako viwili vya wapagazi, milimita 60 kwa 80, watu watatu tu kwa kila kimoja, wameachana. Mmoja ametua mzigo na anafuta jasho, wawili wanatembea. Bombomu haihami kama kitako cha wapagazi hakijaigusa. Kitako kikipotea, kampuni inatupa dadu pungufu moja kila inapofyatua, hadi mwisho wa mchezo. Mchezaji akishapoteza kimoja namna hiyo, utamwona anaanza kuwalinda wapagazi wake, anawatafutia njia ya nyuma ya kilima, anawaza atawalaza wapi.

Tena watembee na vitako vya wake wa askari na watoto, maana nao walikuwamo kwenye misafara ile.

Nakubali, shingo upande, kwamba kwa mchezo mdogo wa doria, watu kumi kwa kumi, kitako cha mtu mmoja mmoja ni bora, na washa kubwa (kile kiduara cha chuma chenye tundu) ya duka la vifaa vya ujenzi inatosha. Na kwa mapigano ya Tanga ya 1914 sitamshika mtu koo, kwa kuwa Wajerumani walishuka kutoka Moshi kwa reli.

Kuhusu udongo na nyasi za juu ya kitako sina mengi. Oktoba kule Lindi ni mwisho wa kiangazi, kwa hiyo yale majani ya kijani ya kununua yabaki kwenye pakiti. Chukua kamba ya katani, ikate vipande vya nusu sentimita, chambua nyuzi, zisimamishe kwenye gundi kwa vishungi visivyolingana, kisha vingine vichomwe ncha kidogo kwa kiberiti, kwa sababu wakati ule wa mwaka nyika huwa imepitiwa na moto. Chini paka rangi ya udongo mwekundu uliopauka, wala usiweke manjano ya Sahara.

Sanamu za wapagazi zinapatikana. Nyingi zilichongwa kuonyesha misafara ya wavumbuzi wa karne ya 19, lakini mtu aliyejifunga shuka na kubeba sanduku kichwani hakubadilika sana kufikia 1917.

Mwenye meza ile, kama unasoma hapa, huna haja ya kuanza upya. Kama ulitumia gundi nyeupe ya seremala, loweka kitako kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, kisha pitisha kisu chembamba chini ya nyayo. Wapagazi watabanduka wazima, na rangi yako haitadhurika ikiwa ulishapaka vanishi.