Nimevushwa Mgongoni

Mvua ya leo alfajiri haikufika hata saa moja. Kwa shemeji yangu kule Kitale hiyo si mvua, ni umande wenye majivuno. Lakini hapa Nairobi nilipofungua geti nilikuta mto. Mwaka 2024 wanaokaa kando ya mito waliamriwa wahame, nami nikashukuru Mungu kwamba sikai kando ya mto. Kumbe mto ndio ulikuwa unatafuta nyumba karibu nami.

Na ndani ya nyumba, mfereji unakohoa hewa tangu Alhamisi. Hilo tuliache.

Siku yenyewe nilikuwa nimealikwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu "jiji endelevu linalostahimili mabadiliko ya tabianchi". Nikavaa suti. Viatu nikavipiga rangi mpaka vikanirudishia sura yangu. Kwapani nikabana faili. Ndani hamna kitu, lakini mtu mzima hatoi maoni mikono mitupu.

Pale kwa bucha nikawakuta vijana wa mikokoteni wameshaanza kazi. Mkokoteni hamsini, lakini ulikuwa umejaa akina mama watatu, kuku, na mtoto wa shule anayelia. Mgongoni, mia.

"Na faili?" nikauliza.

"Faili ni mzigo, mzee. Ishirini."

Nikapanda. Miaka hamsini na mbili, baba wa watoto wanne, mweka hazina wa chama, nimekumbatia shingo ya kijana kama mtoto anayepelekwa kliniki. Tulipofika katikati, akasimama.

"Mzee, una kilo ngapi?"

"Sabini."

"Mzee, ukiwa juu ya maji usidanganye mtu."

"Themanini na nane."

"Basi ongeza soo ingine."

Nilitaka kukataa kwa heshima. Nikatazama chini. Lilikuwa linapita kopo la rangi, likifuatwa na kandambili ya mguu mmoja, zote zikielekea mjini bila nauli. Nikatoa simu, nikamtumia pesa nikiwa juu ya mgongo wake, nikikosea namba ya siri mara mbili. Yeye ananitetemekea, mimi natetemeka juu yake.

Wakati huo landilodi wetu yuko kibarazani, ghorofa ya nne, ana kikombe cha chai. "Habari ya asubuhi, jirani!" Ni huyu huyu aliyekata mijakaranda yote kwa sababu inamwaga maua, akatandaza kabro kutoka ukutani hadi ukutani, na juu ya mtaro akajenga kibanda cha kukodisha. Maji yaingie wapi? Yanywewe na nani? Udongo wenyewe ulikuwa unayanywa bure, akaufunika, sasa mimi nalipa mia mbili na ishirini!

Hasira zikanipanda, nikaanza kumfundisha kijana. Nikamwambia hapa reli ilifika 1899 ikakuta kinamasi. Wamaasai walishapaita Enkare Nairobi, maji baridi. Jina lenyewe lilikuwa onyo!

"Mzee," akasema, "hayo maji baridi ni mimi nimesimama ndani."

Akanitua hatua tatu kabla ya nchi kavu. Eti hapo ndipo mwisho wa safari.

Matatu ilikuwa imepandisha nauli maradufu. Kawaida.

Kikaoni nikakuta mtaalamu kijana, mpole, ana picha ukutani: majumba yenye miti juu ya paa, watu wakiendesha baiskeli wakicheka. Makanga hata mmoja hayupo. Akaeleza kwamba Wachina mwaka 2015 walianza na miji 16 ya majaribio, iwe kama sifongo: bustani, vidimbwi na sakafu zinazopitisha maji, mvua ifyonzwe badala ya kukimbizwa barabarani. Wazo zuri, wallahi. Nikainua mkono nikamjulisha kwamba soksi zangu ziko kwenye mradi huo tangu saa mbili.

Hakuandika popote.

Mipango sisi hatujakosa. Upo wa 1948, upo wa 1973, upo na huu wa 2014 unaotakiwa kutufikisha 2030. Mimi nilikuwa na swali dogo tu: kati ya hiyo, ni upi unaopita pale kwa bucha? Mwenyekiti akasema muda umekwisha, chai iko nyuma. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, na mandazi mawili kila mtu. Mimi nilichukua matatu, moja nikalitia kwenye faili.

Jioni maji yalikuwa yamepungua yakaacha tope. Nikamkuta yule kijana amekaa juu ya ndoo anakula chapati. Akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," akaniuliza kama kesho natoka saa ngapi, maana wa asubuhi na mapema anawapunguzia. Nikamwambia nitamjulisha. Kiatu cha kushoto kimepasuka soli, na fundi viatu, kibanda chake sikukiona pale kilipokuwa jana.