Turufu ya mandazi

Haya, najua ile stika ya kunicheka imeshafika mpaka grupu la ukoo, maana asubuhi shangazi kaniuliza kama kweli "nimeusaliti Umoja wa Mataifa". Kabla huyo Mkenya wangu hajaongeza chumvi nyingine, sikieni kwa mwenyewe.

Jana darasani tulikuwa tunaigiza Baraza la Usalama, viti 15, wakubwa 5 wa kudumu, mimi nikapewa Ufaransa. Azimio la kusitisha mapigano nimeliandika mimi. Wiki tatu! Urusi nimembembeleza kwa kahawa, China nimemsaidia hesabu za uchumi usiku mzima. Na kumbukeni ni mimi huyuhuyu niliyeandika insha ndeeefu kwamba turufu, ile kura ya mkubwa mmoja kuua azimio, ifutwe, nikalia humo na Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wetu Mtanzania, alivyowekewa ngumu na Marekani mwaka 1981 asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Azimio linataka kura 9 na asipinge mkubwa hata mmoja. Nilikuwa nazo zote, roho kwatu. Mwenyekiti anaita wanaounga mkono, mimi nimeinamia karatasi nasahihisha hotuba ya ushindi (ndiyo, nilishaandika hotuba ya ushindi, nichekeni tu), nadhani bado anasoma utangulizi. Mara nasikia kioo cha mlango kinagongwa ngo ngo. Nainua kichwa. Huyo hapo Mkenya, kachelewa, theluji mabegani, kofia imemfika machoni, kanyanyua mfuko wa mandazi kama kombe la dunia. Sasa wewe umekulia Tandika, umwone mtu wako na mandazi ugenini usimpungie? Mkono ukapanda wenyewe. Wote, mpaka kwapa, vidole vimetanuka, na meno nje. Ndo nikasikia kimya. Nageuka, Urusi ananiangalia kwa masikitiko. Urusi, jamani! Ananisikitikia mimi kwa turufu! Mwenyekiti kalamu iko hewani, anasema taratibu, "Wanaopinga... Ufaransa."

Na mkono bado uko juu. Msiniulize kwa nini sikuushusha, nadhani nao uliona aibu kushuka mbele za watu.

14 kwa 1, azimio langu limekufa, nimeliua mimi. Nikajitetea kwamba nilikuwa nasalimia, profesa akasema Baraza halina kura ya salamu, halafu akaongeza kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, kwamba Ufaransa yenyewe haijapiga turufu tangu 1989. Wenzangu wamejizuia miaka yote hiyo, nimekuja mimi na njaa zangu.

Basi tukala mandazi kwenye ngazi, yameshapoa, Mkenya kala manne huku anachapa kwenye simu na mimi nadhani anamjibu mama yake kumbe ndo anawaandikia nyie. Maksi bado hazijatoka. China hanisemeshi, leo tumepishana koridoni kaninyanyulia nyusi, nikamjibu kwa nyusi vilevile, mikono nimeiacha mfukoni.