Vishikwambi vya Tanga na nusu ya watoto waliobaki

Wanaopinga michezo ya kidijitali darasani wana ushahidi mkononi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa 2012 haukuona tofauti katika alama za hisabati wala za lugha. Kenya iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, ikaanza kugawa vifaa 2016, navyo vikapita milioni moja. Shule nyingi zikavifungia stoo kwa kuhofia wezi. Aliyeyaona hayo, ukimwambia leo kwamba mtoto wa darasa la kwanza apewe kishikwambi chenye michezo ili ajue kusoma, ana haki ya kukunja uso.

Lakini lipo jaribio lililofanyika hapa kwetu, kwa Kiswahili, ambalo naona pande zote mbili zimelisoma vibaya. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzoni mwa 2019, taasisi ya XPRIZE ya Marekani, pamoja na UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na Serikali ya Tanzania, ilifikisha vishikwambi kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga. Ndani yake mlikuwa na programu tano zilizofika fainali ya shindano la XPRIZE la programu za kujifunzia kusoma, kila kijiji kikipata mojawapo: michezo ya herufi, silabi, namba na hadithi. Umeme ulitoka kwenye sola. Mwalimu hakuwepo. Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, kila mmoja akapata dola milioni 5.

Fedha hizo ndizo zilizozungumzwa sana. Mimi nakwama kwenye takwimu nyingine. Asilimia 74 ya watoto hao waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Anayepinga huishika nusu iliyobaki: miezi 15, mamilioni ya dola, na bado karibu mtoto mmoja kati ya wawili haoni chochote kwenye maandishi. Tena, anasema, kipimo chenyewe kiko chini. Kusoma neno moja hakujawa kusoma. Yote mawili ni kweli. Lakini hebu zigeuze namba hizo ziwe watoto. Katika kila mia, zaidi ya arobaini walitoka kwenye kutoweza kusoma neno lolote hadi kuweza, na hakuna mtu mzima aliyekaa nao kuwaonyesha “a” ni ipi. Kuwalinganisha na watoto wa mwalimu hodari mwenye darasa la wanafunzi thelathini ni kuwaonea. Wengi wao hawakuwa na mwalimu wa aina yoyote, hodari wala dhaifu.

Waandaaji nao wanabeba lawama. Kwa kulipanga jaribio bila mwalimu, walilifanya lionekane ni la kumwondoa mwalimu, na tangu hapo kila anayetetea michezo ya kufundishia huulizwa kwanza kama anataka walimu wapoteze ajira. Kwangu mimi, anayefaidika zaidi na matokeo ya Tanga ni mwalimu mwenyewe.

Chukua darasa la kwanza la watoto mia moja, hali ambayo shule nyingi za umma ziliijua baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016. Kipindi ni dakika 30. Mwalimu akimpa kila mtoto dakika moja asome peke yake, kengele inalia watoto sabini hawajafungua mdomo. Ndiyo maana darasa zima husoma kwa pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Kati ya hao mia huwezi kujua nani anaiona silabi ubaoni na nani anafuata sauti ya jirani. Mtoto anaweza kuimba hivyo mwaka mzima, akavuka darasa la pili, na mtu wa kwanza kugundua kwamba hajui kusoma akawa msimamizi wa mtihani wa darasa la nne.

Mchezo humuuliza mtoto mmoja. Akigusa silabi isiyo yenyewe, hakuna anayecheka, hakuna kiboko (ambacho kanuni zetu za shule bado zinakiruhusu), na swali linarudi tena na tena bila uchovu. Mtoto anayejua kwamba kosa halina adhabu hujaribu mara nyingi zaidi, na kwenye kusoma, wingi wa kujaribu ndio karibu kila kitu mwanzoni.

Kuna jambo jingine ambalo nadra kulisikia likitajwa: Kiswahili chenyewe kilisaidia. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, na maandishi hutamkwa kwa kanuni ile ile kila mahali. Mtoto akizishika silabi, anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Mazoezi ya kurudiarudia yanalipa haraka katika lugha ya namna hii. Kwa Kiingereza, ambacho herufi zile zile hubadili sauti kutoka neno hadi neno, sitarajii matokeo kama hayo kwa muda ule ule, na shule binafsi zinazonunua michezo ya Kiingereza kwa kutaja mfano wa Tanga zinanunua kitu kingine.

Sasa nusu iliyobaki. Sidhani inaelezeka kwa ubovu wa vifaa peke yake. Naamini wapo watoto wanaofika mahali ambapo wanahitaji kuulizwa na mtu: umesoma nini, huyu sungura kwa nini alikimbia, wewe ungefanyaje? Kutamka “sungura alikimbia” mchezo unaweza kukufunza. Mazungumzo yanayofuata hauyawezi.

Pia ile hofu ya wazazi kwamba mtoto atapenda nyota za kwenye skrini kuliko somo haipaswi kupuuzwa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio la watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walikuja kuchora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mchezo unaomwaga nyota kila baada ya kugusa skrini unaweza kuua hamu ile ile uliokuja kuiamsha. Mchezo mzuri hufanya ushindi wenyewe uwe ni kule kujua: mlango unafunguka kwa sababu umelisoma neno lililoandikwa juu yake.

Wala si lazima skrini iwe ya bei kubwa. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kutoka Dar es Salaam kilichoanza kurushwa 2014, kilifundisha hisabati kwenye televisheni na watoto wakatuma majibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, kisha wakajibiwa. Nyumba isiyo na kishikwambi ilishiriki kupitia simu ya mama.

Malawi imekwenda mbele zaidi. Serikali yake inaipeleka programu ya onebillion katika shule za msingi za umma, watoto wakipokezana vishikwambi kwa zamu na vifaa vikichajiwa kwa sola. Mwalimu yupo palepale. Hapo ndipo ningependa tufike: watoto hamsini kwenye vishikwambi kwa nusu saa, hamsini wengine na mwalimu wao, ambaye sasa anaweza kusikia sauti ya mmoja mmoja, halafu wabadilishane.

Programu si kikwazo. Masharti ya shindano la Tanga yaliwataka washindani wote watano waziachie wazi kazi zao ili yeyote azitumie, na zipo kwa Kiswahili. Kufikisha vifaa shuleni pia tunaweza, maana vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Kinachokosekana ni fungu la kila mwaka la fundi, betri na vioo vilivyopasuka, pamoja na ruhusa ya maandishi kwa mwalimu mkuu kwamba kishikwambi kikivunjika mikononi mwa mtoto hatakatwa mshahara. Bila ruhusa hiyo vitafungiwa stoo kama vya Kenya, kwa sababu ile ile ya uoga. Na halmashauri itakayoleta bajeti yenye fungu la kununua vifaa pasipo fungu la kuvitengeneza, ningeishauri fedha hizo inunulie madawati.