Mchungaji wa Delft na walimu wake

Wauza vitabu vikuukuu wana hesabu zao. Kitabu cha mchungaji Mholanzi Philippus Baldaeus kikifika mnadani, orodha itakuambia ni chapa ya kwanza, Amsterdam, 1672. Itakuambia jalada ni la ngozi na lina mkwaruzo mahali fulani. Kisha itahesabu ramani na michoro ya bamba la shaba mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mmoja tu ukikosekana bei inaporomoka. Wasiohesabiwa ni watu waliomfundisha mchungaji yule aliyoyaandika.

Baldaeus alizaliwa Delft, Uholanzi, mwaka 1632. Alikwenda Mashariki akiwa bado kijana, mchungaji wa kulipwa na VOC, ile kampuni ya Kiholanzi iliyokuwa na mizani mkono mmoja na mzinga mkono wa pili. Mwaka 1658 kampuni iliwapokonya Wareno Jaffna, kaskazini mwa Seiloni, yaani Sri Lanka ya leo, naye akakabidhiwa makanisa ambayo jana yake yalikuwa ya Wakatoliki. Waumini walikuwa wale wale. Walichobadilishiwa ni dini ya bwana mkubwa.

Kitabu chenyewe kinaeleza pwani za Malabar na Choromandel, huko India, halafu kisiwa cha Seiloni, na nakiri kwamba kinanoga. Nimekisoma kwenye skrini, maana nakala zilizopigwa picha zipo bure mtandaoni. Imo miji ya Cochin, Galle na Colombo iliyochorwa kwa ufundi, na umo mzingiro wa Colombo ulioisha 1656. Lakini mahali nilipokaa muda mrefu ni Point Pedro, kaskazini mwa Seiloni, anapoutaja mkwaju mkubwa jirani na kanisa, watu wamejaa kivulini wakisikiliza mahubiri. Nani kati yetu hajahudhuria mkutano chini ya mti wa namna hiyo? Tena alijitahidi kujifunza Kitamil, ambacho Wazungu wa wakati ule walikiita Kimalabari, akachapisha herufi zake pamoja na Sala ya Bwana.

Basi hadi hapo sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza sehemu ya tatu, ile ya miungu ya Wahindu, ambayo ndiyo iliyompa sifa ya ujuzi mkubwa. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikwisha kuandikwa na Jacobo Fenicio, Mjesuiti wa Kiitalia aliyeishi Malabar miaka mingi kabla yake, katika mswada wa Kireno. Mswada huo ulikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1933, msomi Jarl Charpentier alipoutoa, ndipo watu wakaweza kuweka maandishi mawili ubavu kwa ubavu. Mchungaji wa Kiprotestanti aliyetumwa kufuta kazi ya Wakatoliki amejengea jina lake kwenye kazi ya Mkatoliki! Na Fenicio naye hakuyaota yale. Kuna wenyeji waliokaa kitako wakamsimulia.

Najua nitaambiwa kwamba zama zile kila mtu alinakili, hakukuwa na haki miliki, tusiwapime wafu kwa rula ya leo. Hoja hiyo ingenituliza kama asingekuwapo Abraham Rogerius. Huyu pia alikuwa mchungaji Mholanzi wa kampuni ile ile, kituo chake Pulicat, pwani ya Choromandel, na kitabu chake kilichapishwa Leiden mwaka 1651, yeye akiwa amekwisha kufariki. Ni miaka 21 kabla ya Baldaeus. Rogerius anamtaja mwalimu wake kwa jina: Padmanabha, Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu. Kwa msaada wake alitoa kwa Kiholanzi misemo mia mbili ya Bhartrihari, mshairi wa Kihindi wa kale. Mia ya tatu, ile ya mapenzi, Padmanabha hakutaka kuifasiri, na Rogerius hakuficha kwamba imekosekana. Mwalimu amekataa, na kukataa kwake kumeingia kitabuni. Kumbe iliwezekana.

Jambo hili linatuhusu na sisi. Mmisionari Mjerumani Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Mueddin. Waulize wasomaji kumi wa Kiswahili nani ni Krapf, kisha waulize nani ni huyo kadhi.

Ipo picha ya rangi katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, aliyoichora Johan de la Rocquette mwaka 1668, Baldaeus akiwa amekwisha kurudi kwao. Pichani wako wawili: mchungaji, na kijana wa Mashariki aitwaye Gerrit Mossopotam. Miaka minne baadaye kitabu kikatoka, na kwenye ukurasa wa jina mwandishi yuko peke yake.

Siku hizi wapo wafanyabiashara wanaovifumua vitabu vya aina hii, wakauza michoro mmoja mmoja ndani ya fremu, Galle kwa huyu, Cochin kwa yule. Inasikitisha, ila hainishangazi. Tangu mwanzo kilichouzwa ni picha. Mtu akinipa leo fedha za kununua kitabu kimoja cha mmisionari Mholanzi, huyu wa mapicha nitamwachia mwenye sebule kubwa. Mimi nitamtafuta Rogerius, nifungue pale alipo Padmanabha.